Chuma Kikiungwa Chini ya Maji: Ni Rodi Ipi, na Itabeba Uzito Gani?

Yeyote aliyepata kupita Katwe, mjini Kampala, amewaona mafundi wa weldingi wakiunga mageti, madirisha na matoroli kando ya barabara, miwani myeusi usoni na pakiti ya rodi miguuni. Ukiichukua pakiti hiyo ukaisoma, aghalabu utakuta maandishi haya: E6013. Fundi huijua rodi hiyo kama mpishi aijuavyo chumvi. Yawaka kwa urahisi, haichagui sana chuma, na gamba lake labanduka kwa nyundo ndogo. La ajabu ni kwamba rodi ya jamii hiyo hiyo, ikisha kupakwa vanishi isiyopitisha maji, hushushwa na mzamiaji hadi chini ya ziwa au bahari, ikawashwa humo humo majini na kuunga bamba la meli.

Jambo hili lawahusu askari wetu kwa sababu iliyo wazi. Chombo kikizama ziwani, kivuko kikitoboka ubavu, au lango la chuma la bwawa la umeme likipinda, wa kwanza kufika huwa ni polisi wa majini au wanajeshi, na mara nyingi ni ofisa wao atakayeombwa kutia sahihi karatasi ya kazi. Karatasi hiyo ikisema tu kwamba "kiungwe vizuri, kiwe imara", haijasema kitu. Fundi mwaminifu ataifasiri kwa ujuzi wake, na asiye mwaminifu ataifasiri kwa mfuko wake. Imara kiasi gani? Juu ya chuma cha namna gani? Kwa rodi ipi, katika kina kipi, na nani atakayeipima? Ofisa hahitaji kuwa mhandisi ili aulize maswali hayo, lakini hana budi kujua kwa nini yanaulizwa, maana jibu la uongo huwa tamu kuliko la kweli.

Kazi yenyewe si ngeni. Mwaka 1932, mtaalamu wa Kisovieti Konstantin Khrenov alifanikiwa kuunga chuma ndani ya maji kwa tao la umeme, akitumia rodi alizozipaka dawa ya kuzuia maji, na majaribio yake yakaendelezwa katika Bahari Nyeusi. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifanya kuwa kazi ya wanajeshi. Baada ya shambulio la Pearl Harbor la tarehe 7 Desemba 1941, wazamiaji wa kijeshi na wa kiraia walizama yapata mara 5,000, wakatumia kama saa 20,000 chini ya maji, wakikata, wakiziba na kuziinua manowari zilizokuwa zimelala matopeni. Yafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya matundu ya meli zile haikuzibwa kwa weldi. Meli West Virginia, kwa mfano, ilizibwa ubavu kwa viambaza vikubwa vilivyojazwa zege chini. Waliokuwa na ujuzi mwingi kuliko wote walijua pia wakati wa kutoitumia rodi.

MAJI HUFANYA NINI

Rodi inapowaka nchi kavu, ncha yake na bamba huyeyuka pamoja, kisha kidimbwi kile cha chuma hupoa polepole, kwa kuwa hewa ni mvivu wa kupokea joto. Ndani ya maji mambo hugeuka. Bamba limezungukwa pande zote na kitu kinachonyang'anya joto bila huruma. Joto linaloshuka kutoka nyuzi 800 hadi 500, kipindi ambacho tabia ya chuma huamuliwa, hupita katika sekunde chache tu. Kila mhunzi wa kijijini anajua kinachotokea akilichovya panga jekundu katika mtungi: panga lawa gumu, na likipigwa vibaya lakatika kama kioo. Ukanda mwembamba wa bamba ulio kando ya weldi hupatwa na jambo hilo hilo, bila mtu kutaka.

La pili ni gesi. Tao la umeme hupasua maji yenyewe, likatoa haidrojeni na oksijeni. Povu linalouzunguka moto ule, ambalo ndilo linalouwezesha kuwaka, zaidi ya nusu yake ni haidrojeni. Chuma kilichoyeyuka huinywa gesi hiyo kama mchanga unavyokunywa maji, na kinapoganda ghafla gesi hubaki ndani. Sehemu yake hufanya vitundu vidogo katika weldi. Sehemu nyingine hujipenyeza hadi katika ule ukanda mgumu uliokwisha kutajwa, ikakaa humo ikisubiri. Baada ya saa kadhaa, pengine baada ya siku mbili, ufa hutokea mahali palipokuwa pazima mzamiaji alipotoka majini. Ndiyo maana ofisa anayetia sahihi ya kupokea kazi jioni ile ile iliyomalizika ametia sahihi juu ya kitu ambacho bado hakijamaliza kuamua kama kitapasuka.

Kina nacho kina neno lake. Kila mita 10 huongeza mgandamizo kwa takriban kiasi cha hewa yote iliyo juu yetu kule pwani, na kadiri mgandamizo unavyozidi ndivyo vitundu vinavyoongezeka katika weldi. Wataalamu wengi huiwekea njia hii ya majini mpaka wa karibu mita 50. Ziwa Victoria, penye kina chake kikubwa kabisa, lina kama mita 80, na sehemu zake nyingi ni za kina kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo kina si kikwazo kikubwa kwetu. Kikwazo ni tope na giza, na hayo tutayafikia.

Iko njia nyingine, ya chumba kikavu. Sanduku la chuma hujengwa kukizunguka kiungo, maji husukumwa nje kwa gesi, na fundi hufanya kazi pakavu ingawa yuko chini ya ziwa. Humo aweza kulipasha moto bamba kabla ya kazi na kulipoza taratibu baadaye, na weldi yake yaweza kulingana na ya juu. Gharama yake ni kubwa mno, hivyo hutumika zaidi katika mabomba ya mafuta ya baharini. Kwa kivuko kilichotoboka, aghalabu chaguo huwa moja kati ya mawili: kukiunga majini kwa muda ili kifike gudini, au kukiinua kwanza.

KUISOMA RODI

Turudi kwa pakiti ya Katwe. Herufi E yamaanisha elektrodi. Tarakimu mbili za kwanza, 60, zaeleza nguvu ya mvuto ya chuma kitakachotoka katika rodi: ratili 60,000 kwa kila inchi mraba, ambazo ni kama newtoni 414 kwa milimita mraba. Inayofuata, 1, yasema kwamba rodi yaweza kutumika katika kila mkao, iwe chini, ukutani au darini. Ya mwisho, ikisomwa pamoja na iliyotangulia, hutaja aina ya ganda lililoifunika. Rodi ya E7014, kwa hesabu hiyo hiyo, hutoa chuma cha ratili 70,000, na ganda lake lina unga wa chuma ndani yake. Hizi mbili, E6013 na E7014, ndizo zilizozoeleka majini kwa chuma laini cha kawaida.

Hapa ndipo wengi hukosea, na wanaokosea si wajinga. Fundi hodari wa mabomba na madaraja atakuambia kwamba rodi bora kuliko zote ni E7018, ile ambayo huokwa katika jiko maalumu kabla ya kutumika ili isibaki na unyevu, kwa kuwa sifa yake ni kutoa haidrojeni kidogo. Nchi kavu maneno yake ni kweli tupu. Lakini rodi iliyolindwa isiguswe na umande itafanya nini ikizamishwa ziwani? Ganda lake hunywa maji, moto wake huyumba, na ile faida ya haidrojeni kidogo hupotea, maana haidrojeni sasa haitoki katika ganda. Yatoka katika ziwa zima. Karatasi ya kazi inayodai E7018 kwa weldi ya majini inaonyesha kwamba mwandishi wake amenakili ya nchi kavu.

Kisha kuna vanishi. Rodi ya majini hupakwa kinga ya kuzuia maji: vanishi, nta au rangi maalumu. Wapo watengenezaji wanaoziuza zikiwa tayari, na hizo zafaa kupendelewa, ingawa bei yake humfanya mhasibu akune kichwa. Mzamiaji hushuka na rodi chache tu kwa wakati mmoja, kwa kuwa kinga hiyo haidumu milele majini, na rodi iliyochubuka hurudishwa juu. Karatasi ya kazi iseme haya: jina la aina, unene wa rodi, na kwamba kinga ni ya mtengenezaji au ni ya kupakwa hapa, na kwa dawa gani.

Aina ya rodi haiwezi kuchaguliwa bila kulijua bamba. Chuma kina kaboni, manganizi na madini mengine, na kila moja huchangia ule ugumu wa panga lililochovywa. Wahandisi huyajumlisha katika kipimo kimoja kiitwacho kaboni linganifu. Kwa chuma cha kawaida yatosha kuchukua kiasi cha kaboni na kuongeza sehemu ya sita ya manganizi. Kromiamu, molibdenamu na vanadi hugawanywa kwa tano, nikeli na shaba kwa kumi na tano, zikiwemo. Bamba lenye kaboni asilimia 0.16 na manganizi asilimia 0.90 hutoa 0.31. Hilo laweza kuungwa majini kwa E6013 au E7014 bila hofu kubwa. Bamba lenye kaboni 0.20 na manganizi 1.50 hutoa 0.45, na hapo taa nyekundu yawaka, kwa sababu mpaka unaotumika kwa rodi hizo ni karibu 0.40. Kupita hapo, nyufa za haidrojeni ni jambo la kutarajiwa.

Dawa yake? Ziko rodi za nikeli zinazoweza kuunga chuma cha namna hiyo majini, ila ubora wake huanguka upesi kina kikizidi kama mita 10. Ipo pia hila ya mikono: mzamiaji huweka mstari wa pili wa weldi juu ya ukingo wa ule wa kwanza baada ya kitambo kifupi tu, ili joto la pili lilegeze ugumu wa kwanza. Hila hii ni ya kweli na hufaa, lakini yataka mtu aliyeifanyia mazoezi mamia ya saa, wala si jambo la kujifunzia juu ya kivuko chenye abiria. Vyombo vingi vya zamani vya maziwa yetu vimekarabatiwa mara nyingi, na bamba la mbele laweza kuwa la chuma kingine kuliko bamba la nyuma. Kipande kidogo kikatwe kipelekwe maabara. Siku mbili za kungoja majibu ni nafuu.

HESABU YA SIKIO

Tuseme mashua ya chuma imezama karibu na gati, na yatakiwa kuungwa sikio la kunyanyulia ubavuni mwake. Weldi itakuwa ya pembe, ile inayokaa katika kona ya mabamba mawili yaliyosimamiana. Ubavu wa weldi hiyo huitwa mguu, na mahali pembamba kabisa, kutoka konani hadi usoni, huitwa koo. Koo ndilo linalobeba. Ukubwa wake ni mguu mara 0.707.

Mguu ukiwa milimita 6, koo ni milimita 4.24. Urefu wa weldi ukiwa milimita 100, eneo linalobeba ni milimita mraba 424. Chuma cha rodi ya E60 huvumilia newtoni 414 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika, lakini kwa weldi ya pembe wahandisi huruhusu asilimia 30 tu ya hizo, yaani 124, ili ibaki akiba. Zidisha 424 kwa 124, utapata kama newtoni 52,600, ambazo ni uzito wa tani 5 na kilo 360 hivi. Hiyo ni nchi kavu.

Miongozo ya wanamaji wa Marekani yasema kwamba weldi za majini juu ya chuma laini, katika majaribio, zimefikia zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya mvuto ya weldi kama hizo za nchi kavu, na asilimia 50 ya unyumbufu wake. Basi tuchukue hiyo asilimia 80: newtoni 42,000, au tani 4 na kilo 300. Ofisa aliyeambiwa kwamba sikio litabeba tani tano, naye ana hesabu hii mfukoni, aweza kuuliza swali moja likamnyima fundi usingizi.

Kuna mengine ambayo hesabu hii haiyaoni. Kwanza, tope. Chombo kilicholala katika matope laini ya ziwa hushikwa na mnyonyo, na nguvu ya kukibandua yaweza kuupita uzito wake mwenyewe. Kreni ikivuta kwa pupa, sikio hupokea mshtuko ambao haumo katika karatasi. Pili, bamba. Weldi yaweza kuwa nzuri kabisa, huku bamba la miaka 40 limeliwa na kutu hadi likabaki milimita 3. Sikio litang'oka na kipande cha bamba kikiwa bado kimeshikamana nalo, weldi ikiwa nzima. Kwa hiyo masikio huungwa penye mataruma, kamwe si katikati ya bamba tupu, na unene hupimwa kwanza.

Tatu ni ile asilimia 50, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya kuogopwa kuliko asilimia 80. Upungufu wa nguvu hufidiwa kwa urahisi: ongeza urefu wa weldi, ongeza masikio. Upungufu wa unyumbufu haufidiwi hivyo. Chombo kinachopigwa na mawimbi hupinda na kujinyosha maelfu ya mara kwa siku, na weldi isiyonyumbuka haitoi onyo kabla ya kukatika. Kiraka kilichoungwa majini kifikishe chombo gudini, na huko kitolewe, kiungwe upya pakavu. Tatizo ni kwamba kiraka kisichovuja husahauliwa, na cha muda huwa cha kudumu kwa sababu tu bajeti ya mwaka imekwisha.

DARAJA ZA WELDI

Chama cha Uchomeleaji cha Marekani kilitoa mwaka 1983 kanuni ya kazi za chini ya maji, iitwayo D3.6, ambayo imepitiwa mara kadhaa tangu hapo na kutumika katika nchi nyingi. Faida yake kubwa kwa mwandishi wa karatasi ya kazi ni kwamba inampa herufi za kutumia badala ya neno "imara". Daraja A ni weldi inayolingana na ya nchi kavu. Daraja B ni kwa kazi zisizo nyeti sana, ambapo vitundu kiasi na unyumbufu mdogo vyaweza kuvumiliwa baada ya mhandisi kuamua kwamba vyafaa kwa shughuli hiyo. Daraja O ni weldi inayopaswa pia kutimiza kanuni nyingine iliyotajwa, kwa mfano ya meli au ya mabomba. Katika matoleo ya awali ilikuwemo na Daraja C, kwa weldi zisizotegemewa kubeba mzigo.

Weldi ya majini kwa kawaida ni ya Daraja B. Mkandarasi anayeahidi Daraja A kwa njia ya majini, kwa bei ya Daraja B, aombwe kuonyesha vyeti vya majaribio vilivyofanywa kwa kina kile kile na rodi ile ile. Jaribio moja ni rahisi kwa yeyote kulifahamu: kipande kilichoungwa hupindwa juu ya duara. Kwa Daraja A duara hilo ni dogo, kipande hukunjwa karibu kama karatasi. Kwa Daraja B duara ni kubwa, kipande hupindwa kidogo tu. Tofauti hiyo ndiyo ile ile ya unyumbufu.

UMEME, GESI NA HEWA

Umeme wa weldi ya majini ni wa mkondo mmoja tu. Mkondo geu, ambao mafundi wengi wa barabarani hutumia kutoka katika mashine zao za kutengenezwa nyumbani, haushushwi majini na mtu, kwa kisingizio chochote. Rodi kwa kawaida huunganishwa na ncha hasi. Mzamiaji hasimami kamwe kati ya rodi na kibano cha kurudishia umeme. Kibano huwekwa mbele yake, karibu na kazi. Na juu, mkononi mwa msaidizi, kuna swichi ya usalama ambayo hukaa wazi muda wote isipokuwa rodi inapogusa chuma. Mzamiaji husema "Washa!", msaidizi hulirudia neno ndipo afunge swichi. Mzamiaji husema "Zima!", swichi hufunguliwa, msaidizi hulirudia neno, ndipo rodi iliyokwisha hubadilishwa. Askari aliyefunzwa kurudia amri redioni atakuwa msaidizi mzuri kuliko fundi mwerevu mwenye haraka.

Vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa na watu wa bahari ya chumvi, na hapa msomaji wa ziwani lazima awe macho. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo umeme uliopotea hupendelea kumzunguka. Maji baridi ya ziwa hupitisha umeme vibaya, ilhali mwili wa binadamu una chumvi ndani yake. Umeme uliopotea humwona mtu kama njia ya mkato. Glavu zisizotoboka na vazi kavu si anasa huku kwetu.

Tena Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na majedwali ya kupanda polepole kutoka kinani, yaliyotengenezwa kwa usawa wa bahari, hayamfai mzamiaji wa ziwani mpaka yasahihishwe. Mzamo wa mita 20 ziwani hutendewa katika jedwali kana kwamba ni wa karibu mita 23. Mzamiaji aliyekazana na weldi husahau muda. Msimamizi wake asisahau.

Giza nalo lina dawa yake. Mzamiaji huiegemeza rodi juu ya bamba kwa mshazari na kuiburuta. Ganda la rodi huungua polepole kuliko waya wa ndani, likafanya kikombe kidogo kinachoulinda moto, na mkono huhisi mstari hata jicho lisipoona. Ndiyo maana weldi ya pembe hupendelewa majini: kona yenyewe humwongoza mtu kipofu.

Hatari iliyo kubwa zaidi huja kabla ya weldi, wakati wa kukata. Gesi za kukatia hupanda na kujikusanya chini ya dari yoyote ndani ya chombo, na cheche moja yatosha kulipua. Katika meli Nevada, kule Pearl Harbor, watu wawili walikufa mwaka 1942 kwa gesi ya sumu iliyokuwa imejificha ndani, wala hapakuwa na moto wowote. Hivyo tundu la kutolea gesi hutobolewa juu kabisa kabla ya kukata.

Lakini tundu la juu lina uso wa pili. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia wakaangamia. Meli ile ilielea kwanza tumbo likiwa juu, watu wakiwa hai ndani, na taarifa za siku zile zilieleza kwamba ganda lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa ikiishikilia ilitoka na meli ikazama. Hewa ile ndiyo iliyokuwa boya lake. Miaka 22 baadaye, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mtu mmoja alipatikana hai baada ya siku mbili, akiwa katika nafasi ya hewa iliyobaki ndani. Uganda nayo iliipoteza MV Kabalega, iliyozama Mei 2005 baada ya kugongana na MV Kaawa. Kwa chombo kilichopinduka chenye watu ndani, basi, swali la kwanza si la rodi wala la moto wa kukatia. Ni hili: chombo kimeshikiliwa na nini iwapo hewa itatoka? Mpaka kamba, maboya au kreni ziwe zimekishika, hakuna atakayetoboa.

KABLA YA KUANZA

Karatasi nzuri ya kazi hujaa ukurasa mmoja tu. Hutaja daraja la weldi, aina ya bamba na kaboni linganifu yake, rodi na unene wake, kina, mguu na urefu wa kila weldi, na uzito utakaobebwa. Husema pia kwamba ukaguzi wa mwisho hautafanywa siku ile ile, na kwamba utatumia unga wa sumaku, ambao hufanya kazi hata chini ya maji na kuonyesha nyufa zisizoonekana kwa jicho.

Mwishoni huwa na sharti moja ambalo mkandarasi mwenye haraka hupenda lifutwe. Asubuhi ya kazi, mahali pale pale na kwa kina kile kile, mzamiaji hushuka na kuunga vipande viwili vya chuma visivyo vya chombo, kwa weldi ya pembe. Kipande hicho huletwa juu, hubanwa, na kuvunjwa kwa nyundo mbele ya msimamizi na ofisa mwenye kazi. Watu huinama kuangalia mahali palipovunjika. Kama kona ya ndani haikuyeyuka, au vitundu vimejaa kama mkate, mzamiaji hushuka tena na kipande kingine, na kreni husubiri. Kama chuma kimeyeyukiana hadi konani na vitundu ni vichache, rodi huhesabiwa, jina la mzamiaji na saa huandikwa daftarini, na msaidizi huushika mpini wa swichi akingoja neno kutoka chini.